Jibu: Akina Johnson wa Virginia, ukoo mmoja au koo tofauti?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama akina Johnson uliowakuta kwenye kumbukumbu za Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, za karne ya 17 ni ukoo mmoja. Jina peke yake halitoshi. Wengi walilitumia bila undugu wowote.

Fuata ardhi. Mmiliki alipakana na nani, alimuuzia nani, mashahidi wa wosia wake ni akina nani. Mfano mzuri ni Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika 1621 akaandikwa Antonio tu, bila jina la ukoo. Mwaka 1651 alipata ekari 250 kwa watu watano, kwani kila aliyeletwa kolonini alimpatia aliyemgharamia safari ekari 50. Baadaye familia ilihamia Maryland, koloni jirani, na mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua ekari 44, shamba akaliita Angola. Jina la shamba hilo linamtenga na akina John Johnson wengine wote. Mimi huwa naguswa sana na hati hiyo.

Halafu, kuandikwa "mkubwa" na "mdogo" si lazima wawe baba na mwana. Huenda ni mtu na mpwawe, au majirani tu.

Tarehe nazo ziangalie vizuri. Kabla ya 1752 mwaka mpya wa Kiingereza ulianza Machi 25. Ndoa ya Aprili 1680 na mtoto wa Februari 1680 vinafuatana sawasawa: Februari hiyo kwetu ni ya 1681.

Akina Johnson uliowakuta wako kaunti gani ya Virginia? Kama ni Northampton una bahati, daftari za mahakama yake zinaendelea tangu 1632.