Republican baada ya kipigo: maswali yenu

Tangu nigusie hapa jinsi chama cha Republican cha Marekani kilivyogombana chenyewe kwa chenyewe baada ya Barack Obama kukipiga mara mbili, 2008 na 2012, nimeletewa maswali mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu. Waliouliza nimelipwa na nani, nawajibu: ningefurahi.

Ulitaja neno "RINO". Ndiyo kifaru? (Msomaji, Moshi)

Kwa matamshi, ndiyo. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya "Republican wa jina tu", kinatamkwa kama jina la Kiingereza la kifaru, na wachora katuni wamekichezea watakavyo. Wahafidhina humpachika mwenzao yeyote aliyelegeza kamba: amekubali kodi ipande, amekaa meza moja na mtu wa Democrat, chama cha Obama. Kipimo rasmi hakuna, kwa hiyo aliyekuwa shupavu mwaka jana anaweza kuamka kifaru mwaka huu.

Shikamoo mzee. Hivi Colin Powell alikuwa Republican kweli? Nakumbuka alimpigia debe Obama. (Msomaji, Zanzibar)

Marahaba. Alikuwa, tena wa ngazi za juu: mkuu wa majeshi enzi za Bush baba, waziri wa mambo ya nje wa Bush mwana. Oktoba 2008 akamuunga mkono Obama dhidi ya John McCain wa chama chake. Mei 2009 Dick Cheney, aliyekuwa ametoka kwenye umakamu wa rais miezi michache tu nyuma, aliulizwa kwenye televisheni amchague nani kati ya Powell na mtangazaji wa redio mhafidhina, Rush Limbaugh. Akamchagua mtangazaji. Akaongeza kwamba alidhani Powell keshahama. Wiki mbili baadaye Powell akajibu kuwa yumo bado, na kwamba chama kinatakiwa kupanua mlango.

Mgogoro wote umo humo. Wenye msimamo wa kati walisema: vijana wametukimbia, Walatino wametukimbia, na mtu humrudishi nyumbani kwa kumfokea. Wahafidhina wakajibu: Bush mwana alitapanya fedha na kuyaokoa mabenki kwa pesa za umma, halafu mkatuletea McCain, mtu wenu wa kati, naye akaanguka vilevile. Hoja hiyo ya pili wengi wetu tuliidharau, na tulikosea. Kipigo kimoja, kila upande uliona ndani yake ushahidi wake.

Powell alijitoa Januari 2021, baada ya wafuasi wa Trump kuvamia bunge. Alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Kwa nini hao wa kati wasingehama tu wakaacha kulalamika? (Msomaji, Nakuru)

Arlen Specter alihama. Seneta wa Pennsylvania tangu 1981, Aprili 2009 akaenda Democrat, na hakuficha sababu: aliona hawezi kushinda mchujo wa Republican, yaani kura za kumteua mgombea wa chama. Mwaka uliofuata akashindwa kwenye mchujo wa Democrat, na kiti kikaenda kwa Pat Toomey, mhafidhina yuleyule aliyekuwa akimkimbia.

Nimesikia walifanya "uchunguzi wa maiti" wa kushindwa kwao. Ulisema nini, na mbona hawakuufuata? (Msomaji, Dodoma)

Swali la maana sana hili, mama.

Mwaka 2012 mgombea wao Mitt Romney alikuwa amesema wahamiaji wasio na vibali wabanwe mpaka wajirudishe makwao wenyewe. Kwa makadirio ya siku ya kura, alipata asilimia 27 tu ya kura za Walatino. Machi 2013 kamati kuu ya chama, chini ya mwenyekiti Reince Priebus, ikatoa ripoti ya kurasa takriban 100 ambayo waandishi waliibatiza jina hilo la uchunguzi wa maiti. Ilikiri kwamba chama kinazungumza na watu wake wenyewe tu. Ikashauri waunge mkono mageuzi kamili ya sheria za uhamiaji, na pia walainishe lugha kwa vijana na wanawake. Kulikuwa na mapendekezo ya kiufundi pia: kufupisha msimu wa mchujo na kupunguza midahalo.

Ya kiufundi yalitekelezwa. Lile la uhamiaji lilitembea nusu ya njia: Juni 2013 Seneti ilipitisha mswada kwa kura 68 dhidi ya 32, Republican 14 wakiunga mkono. Kwenye Baraza la Wawakilishi, ambalo nalo lilipaswa kuupitisha, Spika John Boehner, wa chama hichohicho kilichoandika ripoti, hakuuleta upigiwe kura. Wabunge wengi wa Republican walikuwa wanatoka majimbo ambayo Democrat hana ubavu wa kuwatoa, na hatari yao pekee ilikuwa mhafidhina zaidi yao kuwaangusha kwenye mchujo. Ripoti ilizungumzia kura za urais za nchi nzima, wao walikuwa wanahesabu kura za jimboni.

Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa wabunge wa Republican walio wengi na mtu wa pili baada ya Boehner, akaangushwa kwenye mchujo huko Virginia na mwalimu wa chuo asiyejulikana, Dave Brat, aliyemshambulia hasa kwa suala la uhamiaji. Brat alipata kura kama 36,000, Cantor 29,000. Jimbo la uchaguzi la Cantor lilikuwa limepiga kura zaidi ya 370,000 kwenye uchaguzi mkuu wa 2012. Yaani mchujo wa watu 65,000 ndio ulioizika ripoti ya kurasa 100. Baada ya hapo nani angethubutu kuugusa mswada?

Si wangemkata tu huyo Brat jina lake? Huku kwetu ukiongoza kura za maoni bado kikao kinaweza kukukata. (Msomaji, Singida)

Umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Kule mchujo unaendeshwa kwa sheria za jimbo, na mshindi ndiye mgombea. Hakuna Kamati Kuu yenye uwezo wa kurudisha jina la pili, wala tiketi ya moja kwa moja kama wanayopeana majirani zetu Kenya. Mwaka 2010 Republican wa jimbo la Delaware walikuwa na Mike Castle, gavana wa zamani, wa kati, ambaye kiti cha Seneti kilikuwa karibu kiwe chake. Mchujo ukampa Christine O'Donnell, ambaye alilazimika kutoa tangazo la televisheni la kuwaambia wananchi kwamba yeye si mchawi. Akashindwa vibaya. Viongozi wa chama walibaki kutazama.

Basi Trump alipotokea, nani alionekana alikuwa sahihi? (Msomaji, Muscat)

Mwaka 2016 alishinda kwa kuivunja ripoti karibu kila ukurasa. Mwaka 2024 akapata zaidi ya asilimia 40 ya kura za Walatino, bila kulainisha neno hata moja kuhusu mpaka. Wahafidhina watakwambia hesabu imefungwa. Mimi namkumbuka Brat: mwaka 2018 kiti kile kilichukuliwa na Abigail Spanberger wa Democrat, ambaye Novemba 2025 alichaguliwa gavana wa Virginia. Na tukumbuke kwamba mwaka 2016 Trump alizidiwa na Hillary Clinton kwa takriban kura milioni 2.9 za wananchi; urais kule huamuliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo.

Kuna wa kati yeyote aliyenusurika? (Msomaji, Arusha)

Yupo Lisa Murkowski, seneta wa Alaska. Alishindwa mchujo mwaka 2010, akaingia uchaguzi mkuu bila jina lake kuwa kwenye karatasi. Wapiga kura walitakiwa waliandike kwa mkono, na jina lenyewe unaliona lilivyo, kwa hiyo kampeni yake iligawa bangili za mpira zenye tahajia yake. Akashinda. Mwaka 2020 wananchi wa Alaska walibadilisha utaratibu: wagombea wa vyama vyote wanaingia mchujo mmoja, wanne wa juu wanasonga mbele, na kwenye uchaguzi mkuu mpiga kura anawapanga kwa kupenda kwake. Kwa utaratibu huo Murkowski alimshinda mwaka 2022 Kelly Tshibaka, aliyeungwa mkono na Trump. Mwaka 2024 Waalaska waliulizwa kama wanataka kuufuta. Ulinusurika kwa tofauti ya chini ya kura 1,000.