Kupunguza matiti: jiandae hivi

Dada, umeuliza kama ukipunguza matiti kwa upasuaji utarudi kazini wiki hiyohiyo. Sahau! Kazi ya kukaa, jipe wiki mbili. Kubeba ndoo au mtoto, subiri kama wiki sita. Utalala chali, na sidiria ya kubana utaivaa usiku na mchana. Uvimbe wa mwanzoni usikutishe, ila titi moja likivimba ghafla, au ukipata homa au usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Makovu hayakwepeki. Huzunguka chuchu na kushuka chini, na kufifia huchukua mwaka au zaidi. Kama ngozi yako huota makovu manene, mwambie daktari mapema. Chuchu zaweza kufa ganzi na maziwa kupungua; kama bado unataka kuzaa, mimi ningengoja.