Usiku wa Pili Ndio Wenye Asteroidi

Wadogo zangu wa darubini, wiki hii kuna mwenzenu ametangaza kwamba amegundua asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua, na mkononi ana picha nne za usiku mmoja. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa.

1. Kinukta kisichosogea ni nyota au pikseli mbovu ya kamera. Kinachosogea, kitafute kwanza kwenye orodha ya Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi, maana mara nyingi ni mwenyeji wa siku nyingi.

2. Saa ya kompyuta isawazishwe kabla ya picha ya kwanza. Asteroidi ya ukanda mkuu, ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, ikiwa mkabala na Jua husogea karibu nusu sekunde ya tao kwa dakika (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Saa ikikosea, vipimo vyote vimekosea.

3. Rudi usiku unaofuata. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu panauma.

Kinukta changu mwenyewe kilikuwa hafifu mno, lakini kilikwenda kwa mstari ulionyooka na kwa mwendo uleule wa ukanda mkuu. Kwenye orodha hakikuwamo. Nilipima na kupima tena mpaka kukakucha. Jioni iliyofuata anga lilikuwa safi, nyota zimetulia, nami nimekaa mezani natafuta jina la kukipa! Nilijiambia kitanisubiri. Kesho yake mawingu, keshokutwa mawingu, kisha Mwezi ukaanza kujaa. Niliporudi, siku kumi na mbili zilikuwa zimepita. Njia iliyokokotolewa kwa picha za dakika hamsini haikuweza kuniambia nielekeze wapi. Eneo la kutafuta lilikuwa limepanuka kupita uwezo wa kamera yangu. Nililipekua nililoweza, usiku baada ya usiku, sikukiona. Baadaye kilionekana na watafiti wengine, wakakifuatilia inavyostahili, na ugunduzi ukawa wao kwa haki. Vipimo vyangu vimeunganishwa humo kama vya mpita njia. Mpaka leo nikiona jioni safi kama ile, moyo hunishika.

Mwanaastronomia Piazzi mwenyewe, baada ya kuiona Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa, Januari 1801, aliifuata kwa siku kama arobaini, akaugua, nayo ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Ilihitaji hesabu za mwanahisabati Gauss ndipo ikapatikana tena mwishoni mwa mwaka. Yeye alikuwa na siku arobaini. Wewe una dakika arobaini.

4. Jina? Kwanza namba, na namba hungoja njia ithibitike, kazi ya miaka. Msiniulize tena.

5. Msiambiwe kwamba wa ridhaa hatuna nafasi. Hencke, mtumishi wa posta, alitafuta miaka 15 kabla ya kuipata asteroidi Astraea mwaka 1845. Goldschmidt, mchoraji, aliiona asteroidi Lutetia mwaka 1852 kutoka nyumbani kwake Paris. Mwaka 2010 chombo cha anga cha Rosetta kilipita jirani nayo, tukaona mashimo usoni mwake. Kinukta cha mchoraji!

Sasa wewe uliyetangaza: nimekokotoa mahali kinapopaswa kuwa leo saa nne usiku, nimekutumia. Anga ni safi. Achana na simu, kafungue darubini.