Maswali ya Wasomaji: Sodiamu inahusikaje na adrenalini?

SWALI: Dokta shikamoo. Nasoma famasia mwaka wa pili na kuna kitu kimenikwama. Tumefundishwa kwamba veratridini, sumu fulani ya mimea, inafungua chaneli za sodiamu, yaani milango midogo kwenye utando wa seli inayopitisha sodiamu, halafu tezi za adrenali zinamwaga adrenalini. Sasa sodiamu si ndio hii ya kwenye chumvi? Ina maana mtu akila chumvi nyingi adrenalini inapanda? Na lidokeini, dawa ya ganzi, nayo inagusa hizo hizo chaneli, je ndio maana dada yangu alipochomwa ganzi ya jino moyo ulimwenda mbio mpaka akatetemeka mikono?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeuliza, maana hapa wengi wanakariri tu wapite mtihani.

La chumvi nalimaliza haraka, hapana. Sodiamu imejaa nje ya seli muda wote, kwenye damu ni milimoli 135 mpaka 145 kwa lita na mwili unailinda isiyumbe, wakati ndani ya seli ni kidogo sana, 10 au 15 hivi. Dawa kama veratridini haiongezi sodiamu mwilini, inachezea njia ya kuingilia ndani ya seli, basi.

Sasa tezi yenyewe. Zipo mbili, kila moja imekaa juu ya figo, na ganda lake la nje linatoa homoni za kotisoli na aldosteroni, hizo tuziache. Tunayoiongelea ni sehemu ya katikati, yenye seli za kromafini, na seli hizi kiasili ni ndugu kabisa na seli za neva ndio maana zina umeme, zikiwa zimetulia ndani yake ni hasi ukilinganisha na nje. Adrenalini imeshatengenezwa tayari, imefungwa kwenye vifuko vidogo vidogo, inasubiri amri.

Amri kwa kawaida inatoka kwenye neva. Neva inamwaga asetilikolini, kemikali yake ya kupeleka ujumbe, inashika vipokezi vyake kwenye seli viitwavyo vya nikotini, chaji chanya zinaanza kuingia, utando wa seli unabadilika umeme, na chaneli za sodiamu zinazosikia umeme zinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, halafu ndani ya milisekunde chache tu zinajifunga zenyewe. Shika sana hapo kwenye kujifunga, maana ndipo veratridini inapofanyia kazi. Hii ni sumu ya mimea ya jamii ya Veratrum na mbegu za sabadila, inang'ang'ania chaneli iliyofunguka na kuizuia isijifunge, ni kama mtu ameweka jiwe mlangoni. Sodiamu inaingia bila breki na seli inabaki imeamka.

Lakini sodiamu haigusi vile vifuko, na hapa ndipo nataka uelewe kuliko pengine pote. Umeme ukishabadilika zinafunguka chaneli nyingine, za kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayofanya vifuko vigandamane na utando na kumwaga homoni nje. Watafiti Douglas na Rubin walionyesha mwaka 1961 kwa tezi za paka, ukiondoa kalsiamu kwenye maji yanayopita kwenye tezi, asetilikolini inashindwa kutoa homoni. Na kwa veratridini ni vile vile, bila kalsiamu ya nje sodiamu inaingia lakini adrenalini haitoki.

Ukitaka kuhakikisha tumia sumu ya samaki bunju, tetrodotoksini, ambayo inaziba chaneli za sodiamu. Ukiiweka, veratridini inanyamaza. Ila ukimwagia seli potasiamu nyingi homoni inatoka hata kama bunju kaziba, kwa sababu potasiamu inabadilisha umeme wa utando moja kwa moja na chaneli za kalsiamu zinafunguka bila kuhitaji sodiamu. Mimi jaribio hili nalipenda sana, linakuonyesha nani yuko mbele na nani yuko nyuma kwenye mnyororo.

Usichukue ya kwenye sahani ya maabara ukayapeleka mwilini hivi hivi lakini. Neva nazo zimejaa chaneli za sodiamu, na dawa za Veratrum zinaamsha neva za hisia za kwenye moyo ambazo zinaambia ubongo upunguze mapigo na presha. Ndio maana miaka ya 1950 zilitumika kushusha presha, kitu ambacho ukiwaza adrenalini peke yake utaona hakiingii akilini, na zikaachwa kwa sababu dozi inayosaidia iko karibu mno na inayotapisha.

Haya, dada yako. Lidokeini inafanya kinyume cha veratridini, inaziba chaneli za sodiamu, kwa hiyo sio iliyoamsha tezi. Ganzi nyingi za meno zinachanganywa na adrenalini yenyewe, mara nyingi sehemu 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000, ili mishipa ya damu pale ibane na ganzi isiondoke haraka. Ikiingia kidogo kwenye damu moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, na hofu ya sindano nayo inafanya tezi zake mwenyewe zimwage. Kwa kawaida inapita ndani ya dakika chache kwani adrenalini haikai kwenye damu. Amwambie daktari wa meno safari ijayo, zipo ganzi zisizo na adrenalini, na kuchomwa polepole baada ya kuvuta bomba kuhakikisha sindano haiko ndani ya mshipa inasaidia pia.

Ila kama hayo mapigo yanamjia hata bila sindano, ghafla ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana, jasho na presha kupanda, hapo aende hospitali apimwe metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini na homoni ndugu yake, kwenye damu au mkojo, kwa sababu kuna uvimbe wa hizo hizo seli za kromafini unaotoa homoni bila kuamriwa na mtu, na ukigundulika mapema mara nyingi unatolewa kwa upasuaji.