Instagram ndo nimejiunga, naanzia wapi?
Ndugu, umesema umefungua akaunti Instagram jana na unaona aibu kuposti, wala usijali, wote tulianza hivyo hivyo. Kwanza weka picha ya profaili na bio, yaani maelezo mafupi kukuhusu, ni herufi 150 tu kwahiyo usiandike riwaya. Kama hutaki kila mtu akuone iweke praiveti, halafu washa uthibitisho wa hatua mbili (mbali na nenosiri unaombwa na kodi ya pili ukiingia) leo leo maana wezi wa akaunti hawalali, mimi yangu ilishawahi kuibiwa nikahangaika wiki nzima. Aibu ikizidi anza na stori, zinapotea baada ya saa 24. Ila kununua folowaz usithubutu, utakuwa na maelfu na hakuna anayelaiki, inachekesha kweli.