Maswali ya Wasomaji: Mirathi ya Binadamu Kusini mwa Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Dodoma mjini. Katika kipindi kimoja nilisema kwamba George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, aliwaacha huru watumwa wake kwa wosia. Mwanafunzi akauliza kwa nini basi wengi wa watumwa wa shamba lile waliendelea kuwa watumwa baada ya kifo chake. Je, mjane wake aliupinga wosia? Naomba ufafanuzi. (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, mjane hakupinga chochote. Mtu huusia kilicho chake, na watu wengi waliolima shamba la Mount Vernon, jimboni Virginia, hawakuwa wa Washington. Ili jambo hili lieleweke, inabidi turudi kwenye msiba mwingine uliotangulia.

Mwaka 1757 alifariki tajiri mmoja wa Virginia aitwaye Daniel Parke Custis, bila kuacha wosia. Kwa sheria za huko mjane wake, Martha, alistahili thuluthi ya mali ili aitumie katika uhai wake tu; hakuruhusiwa kuiuza wala kuigawa, na siku atakayokufa ingerudi kwa warithi wa Custis. Ndani ya thuluthi hiyo walikuwamo watumwa zaidi ya 80. Mwaka 1759 Martha aliolewa na Washington, akaja na watu hao. Wafugaji wa Bahi na Chamwino wataielewa hali hii upesi kuliko wengi wetu: aliyekabidhiwa ng'ombe wa mwenzake hukamua maziwa na kutumia samadi, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ilikwisha kuamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, kwa hiyo kila aliyezaliwa na mwanamke wa fungu la Custis alikuwa wa fungu hilo, hata kama baba yake alikuwa wa Washington, wa jirani, au mtu huru.

Mwaka 1799, miezi michache kabla hajafa, Washington aliandika orodha ya watu wote wa mashamba yake, akionyesha kila mmoja kazi yake, mume au mkewe ni nani, na huyo mwenzi ni mali ya nani. Walikuwa 317. Wake mwenyewe walikuwa wapatao 123, wa fungu la Custis walikuwa 153, na waliobaki walikodishwa kutoka kwa jirani. Kwa miaka 40 makundi hayo yalikuwa yameoana na kuzaa pamoja. Wosia ukasema kwamba watu wake waachwe huru Martha atakapokufa, kwa sababu kuwaacha mapema kungezitenganisha ndoa hizo mbele ya macho ya mjane. Kwa hiyo uhuru wa watu zaidi ya 100 ukategemea kifo cha bibi mmoja waliyekuwa wakimpikia chakula kila siku. Abigail Adams, mke wa Rais aliyefuata, aliandika kwamba Martha hakujiona salama mikononi mwao. Naye akawaachia tarehe 1 Januari 1801, bila kungoja.

Mpishi maarufu wa familia hiyo, Hercules, ambaye alikwisha kutoroka mwaka 1797, alipata uhuru kwa wosia huo. Watoto wake hawakuupata, kwa kuwa marehemu mama yao alikuwa wa fungu la Custis. Martha alipofariki mwaka 1802, fungu lile liligawiwa wajukuu wake 4. Mtu mmoja tu, Elisha, alikuwa mali yake binafsi, ambaye angeweza kumwacha huru kwa sentensi moja. Badala yake alimrithisha kwa mjukuu wake.

Mjukuu huyo ndiye George Washington Parke Custis wa Arlington, aliyefariki mwaka 1857 na kuusia kwamba watumwa wake waachwe huru ndani ya miaka 5, na kwamba mabinti wanne wa binti yake wapewe dola 10,000 kila mmoja. Msimamizi wa mirathi alikuwa mkwewe, Robert E. Lee, ambaye baadaye aliongoza majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Lee aliona kwamba fedha za wajukuu zitafutwe kwanza kwa jasho la watu hao hao, akawafanyisha kazi karibu muda wote ulioruhusiwa, na hati ya kuwaacha huru akaisaini Desemba 1862. Kwa hesabu yangu, mirathi iliyofunguliwa 1757 ndiyo ilikuwa bado inagawa binadamu miaka 105 baadaye, huku kila msimamizi akiwa amefuata sheria. Vitabu vyetu vya shule hueleza sana mijeledi na minyororo, na ni haki. Lakini daftari za mirathi zilitenganisha familia nyingi bila mtu yeyote kupandisha sauti.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watano, na ndugu zangu bado wanavutana mahakamani kuhusu shamba la marehemu baba. Shamba hupimwa kwa hatua. Watu waligawanywaje ili kila mrithi aridhike? (Mama, Mpwapwa)

JIBU: Mama, waligawanywa kwa bei. Mahakama iliteua wathamini, nao wakapita shambani na kuandika mbele ya kila jina thamani yake: kijana wa kulima juu kabisa, mtoto mchanga kidogo, na kikongwe mara nyingine sifuri. Kisha yalipangwa mafungu yenye thamani iliyokaribiana, na hesabu ndiyo iliyoamua mama aangukie wapi na mtoto wapi. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, alipitia jambo hilo kabla hajafikisha miaka 10. Bwana wake wa Maryland, Aaron Anthony, alikufa mwaka 1826 bila wosia, na mtoto huyo akarudishwa kutoka Baltimore ili naye athaminiwe. Alisimulia baadaye jinsi wanaume, wanawake na watoto walivyopangwa pamoja na farasi, kondoo na nguruwe, wakikaguliwa kwa namna moja, na jinsi kila mmoja alivyoomba asiangukie kwa mrithi mlevi na mkatili.

Hata hivyo, kabla ya warithi, walikuwapo wadai. Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, alikufa tarehe 4 Julai 1826 akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Wosia wake uliwaacha huru watu 5 tu, mmojawapo mhunzi Joseph Fossett. Januari 1827 watu wapatao 130 walinadiwa pale Monticello, shamba lake la Virginia, ili madeni yalipwe, na miongoni mwao walikuwamo mke wa Fossett na watoto wake. Aliyepewa uhuru ikambidi atafute fedha za kuinunua familia yake.

Umeuliza pia, pembeni mwa barua yako, kama mabinti walirithi. Ndiyo, na katika familia nyingi wana walipewa ardhi huku mabinti wakipewa watumwa, kwa kuwa mtumwa angeweza kumfuata bibi harusi. Ona Judge, mshonaji wa Martha Washington, alitoroka Philadelphia mwaka 1796 alipojua kwamba atakabidhiwa mjukuu wa Martha aliyekuwa ameolewa. Alikufa New Hampshire mwaka 1848, akiwa bado, kwa mujibu wa sheria, mali ya warithi wa Custis.

SWALI: Marehemu babu yetu alisema kwamba pwani mtoto wa suria alirithi sawa na watoto wengine wa bwana. Je, kwa Wamarekani ilikuwa hivyo? (Mzee, Kondoa)

JIBU: Mzee wangu, ilikuwa kinyume. Chini ya sheria ya Kiislamu mtoto ambaye bwana amemkubali ni muungwana na mrithi, na mama yake huwa huru bwana akifa. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, kiti cha Zanzibar kilirithiwa na wanawe wa masuria, Majid kisha Barghash. (Hilo halikuwapunguzia mzigo watumwa wengine wa visiwani, ambao nao walirithiwa.) Huko Virginia, John Wayles, baba mkwe wa Jefferson, alizaa watoto 6 na mtumwa wake Elizabeth Hemings. Alipokufa mwaka 1773, watoto hao waliingia katika urithi wa binti yake wa ndoa, Martha, mke wa Jefferson. Dada akawarithi ndugu zake. Mmoja wao, Sally, alimzalia Jefferson watoto baada ya Martha kufariki, kama wanahistoria wengi wanavyokubali sasa. Waliokua hadi utu uzima walikuwa 4, wakapata uhuru au kuachwa waondoke, lakini katika mali ya baba yao hawakuhesabiwa kuwa warithi.

SWALI: Je, walioachwa huru na Washington walipewa chochote? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

JIBU: Ardhi, hapana. Mtumishi wake wa miaka mingi, William Lee, aliyekuwa ameumia magoti, aliachwa huru papo hapo na kuwekewa dola 30 kwa mwaka. Wazee na wasiojiweza wosia uliagiza watunzwe, na wasimamizi wa mirathi waliendelea kuwalipia mpaka mwaka 1833.