Maswali ya Wasomaji: Korosho za Chumvi na Mbwa Anayejikuna

SWALI: Naishi Mikindani na tunafuga mbwa jike wa kienyeji mwenye umri wa miaka mitatu. Watoto humtuza kwa korosho za kukaanga zenye chumvi kila anapotii, siku nyingine kiganja kizima. Kila Jumamosi namwogesha kwa sabuni ya unga, na mara mojamoja tunampeleka baharini, lakini hajaacha kujikuna, hasa mgongoni karibu na mkia. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mama, nianze na korosho, kwa kuwa huku kwetu hazikosekani nyumbani. Korosho yenyewe si sumu kwa mbwa kama zilivyo zabibu, chokoleti na vitunguu, lakini ina mafuta mengi, na mbwa akiyala kwa mkupuo kongosho lake linaweza kuvimba, akatapika, akakataa chakula na kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo. Chumvi nayo ikizidi humdhuru. Kinachonitia hofu zaidi ni korosho ghafi, kwa maana ganda lake lina yale mafuta makali yanayowafanya wabanguaji wajipake majivu mikononi, na mbwa akilitafuna huungua midomo na ulimi. Msimu ukifika, msimwache azurure chini ya mikorosho, kwa sababu mabibo yaliyodondoka na kuchacha yana kilevi kama cha uraka (pombe ya mabibo), nacho ni hatari kwa mbwa.

Kumtuza ni jambo jema na watoto wasiache. Mbwa hujifunza kwa kupewa papo hapo anapotii, wala si kwa ukubwa wa anachopewa, hivyo kipande kinacholingana na punje ya mahindi kinatosha. Mpeni boga au kiazi kitamu kilichochemshwa bila chumvi, au mnofu wa samaki uliotolewa miiba yote, na kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Sasa kujikuna. Mbwa anapojikuna zaidi karibu na shina la mkia, wa kwanza kushukiwa ni viroboto. Leo jioni msimamishe juu ya shuka jeupe, mchane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kisha chukua chembe nyeusi zitakazoanguka uziweke kwenye pamba iliyoloanishwa. Zikiacha doa jekundu kama kutu, hilo si vumbi bali ni kinyesi cha viroboto, na wekundu huo ni damu ya mbwa wako. Mayai na mabuu yao yamo kwenye gunia analolalia na katika nyufa za sakafu, kwa hiyo ukimtibu yeye peke yake watarudi. Fua matandiko kwa maji ya moto, yaanike juani, na ufagie pembe zote za pale anapolala. Dawa inunuliwe kwenye duka la dawa za mifugo kulingana na uzito wake. Nakuomba sana usikisie kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwani mbwa hujilamba.

Sabuni ya unga iache kabisa. Imetengenezwa kuondoa uchafu wa nguo, na kwenye ngozi ya mbwa huondoa mafuta ya asili, ngozi ikakauka na kuwasha zaidi. Shampuu ya mbwa mara moja kwa mwezi inatosha. Baharini mpelekeni, ila mkirudi msuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, na wakati wa kumkausha mpapase masikioni, chini ya kola na katikati ya vidole kutafuta kupe. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa. Ukiona manyoya yamenyonyoka na vidonda vimeanza, mwone daktari wa mifugo.

SWALI: Kucha za mbwa wangu zikatwe lini? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Unaposikia zinagonga sakafu anapotembea. Kata ncha tu, kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya ukucha mna mshipa wa damu ambao kwenye kucha nyeusi hauonekani. Ukiukata kwa bahati mbaya, bonyeza unga wa ngano penye jeraha kwa dakika chache mpaka damu ikatike.